Chuo, mafunzo mafupi, fundi au masomo ya masafa: ipi ikufae kusomea sanaa ya nguo ukiwa na kazi nyingine, Mtwara na Lindi

Mwalimu wa Newala anayetoka shuleni alasiri, muuguzi wa Lindi anayebadilishana zamu, karani wa chama cha msingi ambaye msimu wa korosho ukiingia hana jioni yake: wote hawa wanaweza kusomea sanaa ya nguo bila kuacha kazi. Njia zipo nne. Kuna kozi ya chuo, kuna mafunzo ya siku chache, kuna kukaa kwa fundi au kwa msukaji, na kuna masomo ya masafa kupitia simu au kompyuta.

Tuseme msimamo wetu mapema. Mtu mzima mwenye saa sita hivi kwa wiki, anayetaka kutengeneza kazi zake mwenyewe kuliko kufungua banda la ushonaji, atafaidika zaidi kwa kukaa na fundi mmoja wa karibu mwaka mzima, na katikati ya mwaka huo achomeke mafunzo mafupi ya rangi. Kozi ndefu ya chuo aichague anayetaka ushonaji uwe ajira. Masomo ya masafa kutoka nje yasubiri hadi uwe na daftari la sampuli zako. Sababu ni kwamba mkono hukomaa kwa kurudia kitambaa kilekile mara nyingi, mbele ya mtu anayeliona kosa lako siku hiyohiyo. Njia inayokupa marudio hayo ndiyo ya kushika, iwe na cheti au isiwe nacho.

Kabla ya ada, tazama miezi na maji

Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Korosho huanza kuuzwa minadani Oktoba, na miezi hiyo hata asiye na shamba hujikuta ana ndugu wa kumsaidia. Ukianza mafunzo Oktoba utakosa vipindi vya mwanzo, na hivyo ndivyo vinavyofundisha kushika zana. Anza Januari au Mei. Januari hadi Aprili fanya kazi za ndani ya nyumba: kudarizi, kuunga vipande, kusuka. Ni miezi ya kukinga maji ya mvua pia. Mei hadi Septemba ni ya rangi na nta, maana jiko la mkaa unaliweka uani bila wasiwasi na nguo inakauka siku hiyohiyo.

Suala la maji watu hulisahau kabisa, kisha linawakwamisha. Kutia rangi meta nne za bafta, kitambaa cheupe cha pamba, kunataka lita 10 za maji ya rangi, na kusuuza hadi maji yatoke meupe kunataka ndoo tatu au nne zaidi, hapo bado hujachemsha ya kutolea nta. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni shida ya miaka mingi na watu hununua kwa ndoo, batiki ni anasa. Anayeishi huko ajenge sanaa yake kwenye sindano na vipande vya vitambaa, rangi aifanye mara chache mvua zikinyesha.

Pwani maji yapo, ila visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi. Pima kwa sabuni ya mche: isipotoa povu na ikaacha utando mweupe juu ya maji, rangi nayo itashika kwa mabaka. Tumia maji ya mvua walau kwa kuyeyushia rangi. Ya kusuuza yanaweza kuwa ya kisima.

Njia nne zikiwekwa pamoja

| Njia | Muda unaodaiwa | Unachotoka nacho | Kinachokosekana |
|---|---|---|---|
| Chuo (VETA cha ufundi stadi, chuo cha maendeleo ya wananchi) | Siku nyingi kwa wiki, kwa miezi | Vipimo, ukataji, cherehani, cheti | Nafasi ya kubuni kazi yako |
| Mafunzo ya siku chache (SIDO, vikundi) | Siku chache mfululizo | Mbinu moja, hasa batiki | Marudio |
| Fundi au msukaji | Jioni mbili na Jumamosi | Mkono, kasi, jicho la kuona kosa | Nadharia, kemia ya rangi |
| Masafa kutoka nje | Saa nane au zaidi kwa wiki | Mpangilio wa mawazo, maoni ya mkufunzi | Mtu wa kukushika mkono, vifaa |

Chuo

VETA ina vyuo Mtwara mjini na Lindi mjini. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa shule za watu wazima za Sweden, viko Mtawanya, Masasi na Newala kwa upande wa Mtwara, na Chilala na Kilwa Masoko kwa upande wa Lindi. Mwenye mtoto mdogo aulizie huko kwanza, kwa kuwa vyuo vingi vya aina hii vina malezi ya watoto palepale.

Chuoni utafundishwa kupima mwili, kuchora kiolezo kwenye karatasi, kukata kwa kufuata uzi wa kitambaa, kutunza cherehani, na kushona mshono ulionyooka wenye akiba ileile kuanzia juu hadi chini. Usidharau hayo hata kama hutashona gauni maishani. Pazia la ukutani lililokatwa bila kufuata uzi litavutika kona moja baada ya miezi miwili ya kuning'inia, na hakuna urembo utakaoficha. Waliopita chuoni hawafanyi kosa hilo.

Ila chuo kinapima kwa ulinganifu. Kazi nzuri ni ile inayofanana na ya mwenzako. Ukitaka kuacha pindo lichanike makusudi, au kuonyesha upande wa ndani wa mshono kwa sababu ndio mzuri zaidi, utakatwa alama, na mwalimu atakuwa sahihi kwa kazi aliyopewa. Kwa hiyo ukichagua chuo, ubunifu wako uutengee saa zake nyumbani tangu wiki ya kwanza.

Kabla ya kulipa nenda mwenyewe, uulize mambo matatu. Kozi fupi za jioni zinaanza lini, na zinahitaji wanafunzi wangapi ndipo zifunguliwe? Vitambaa na uzi vimo ndani ya ada au ni vyako? Na cherehani nzima ni ngapi kwa wanafunzi wangapi? Mashine 10 kwa wanafunzi 30 maana yake kipindi cha saa tatu kinakupa saa moja ya kushona. Hesabu hiyo ndiyo bei halisi ya kozi.

Wasiwasi wa cheti usikusukume. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi aliyejifunzia kazini anatahiniwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Unaweza kukaa kwa fundi miaka miwili kisha ukaomba kupimwa.

Mafunzo ya siku chache: batiki na rangi

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mtwara na Lindi, na batiki ni miongoni mwa mafunzo yake ya kawaida. Vikundi vya kina mama navyo huita mkufunzi wakachangishana. Hii ndiyo njia tunayoisisitiza kwa rangi, kwa sababu kemikali za batiki si za kujifunzia kwenye video peke yako.

Utakutana na vitu vitatu: rangi, kostiki soda na haidro. Rangi za namna hii haziyeyuki zenyewe kwenye maji. Haidro ikisaidiwa na kostiki huzigeuza ziyeyuke, zinapenya kwenye pamba, na nguo ikitolewa hewani zinarudi hali yake ya mwanzo zikiwa zimenaswa ndani ya uzi. Ndiyo maana nguo ikitoka kwenye beseni huwa na rangi nyingine kabisa, kisha inabadilika mbele ya macho yako. Ikitoka tayari na rangi yake ya mwisho, jua haidro imekwisha nguvu. Rangi hiyo imekaa juu juu na itaondoka na maji ya kwanza.

Haidro huharibika kwa unyevu, na hewa ya Mtwara ina unyevu mwaka mzima. Nunua kidogo, ihifadhi kwenye kopo linalofunga kabisa, kijiko kiwe kikavu. Ikilowa kidogo inaweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka, kwa hiyo isikae jikoni wala karibu na vitambaa. Kostiki nayo mwagia ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kurukia usoni. Glavu za mpira, miwani, hewa ya kutosha. Ikikugusa, maji mengi ya bomba mara moja na kwa dakika nyingi. Vyombo vya rangi visirudi jikoni.

Nta: mishumaa ya kawaida ni parafini, ngumu na rahisi kupasuka, na ndiyo inayoleta ile mistari myembamba ya nyufa. Nta ya nyuki hulainisha. Parafini tatu kwa nta ya nyuki moja hutoa nyufa nyingi. Nusu kwa nusu hutoa chache. Yeyusha kwa sufuria ndani ya sufuria yenye maji, usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Ikiwaka, funika na mfuniko, usimwage maji.

Tazama nta inavyotua kwenye bafta. Ikiwa na joto la kutosha, alama ya muhuri wa kugongea nta huonekana kama kitambaa kimelowa mafuta, na ukigeuza upande wa pili unaiona vilevile. Ikiwa imepoa, hukaa juu ikiwa nyeupe kama tone la mshumaa mezani, upande wa pili hauna kitu, na rangi itapita chini yake. Wanaoanza hulaumu rangi wakati kosa liko jikoni. Vilevile beseni la rangi lisiwe la moto: iyeyushe kwa maji ya moto kidogo kwenye chombo cha pembeni, subiri ibadilike, kisha imimine kwenye maji ya baridi. Beseni likiwa la moto, nta inalainika na muhuri wako unavuja kingo.

Kosa lingine hutokea dukani. Vitenge vingi vinavyouzwa sasa vina poliesta, na rangi hizi haziishiki. Chomoa nyuzi chache uzichome: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha donge gumu. Bafta na marikani nazo hufika na wanga wa kiwandani. Zifue kwa maji ya moto na sabuni, kisha dondoshea tone la maji. Likizama mara moja, kitambaa kiko tayari. Likisimama juu, rudia kufua.

Ukipata rangi za baridi, zile zinazoshika kwa magadi soda bila kuchemsha, nyumbani ni salama zaidi. Kwa gramu 500 za pamba, ambazo ni takriban meta nne za bafta, tumia lita 10 za maji, gramu 10 za rangi kwa rangi ya wastani au 20 kwa iliyokolea, na nusu kilo ya chumvi. Geuzageuza kwa dakika 20. Toa nguo, mimina gramu 100 za magadi soda zilizoyeyushwa pembeni, irudishe, endelea kugeuza kwa saa nzima. Suuza kwa maji baridi, malizia kwa maji yanayochemka na sabuni hadi yatoke safi. Magadi yawe yale safi ya unga. Magadi ya kupikia maharage yana vitu vingine ndani, nguvu yake haitabiriki. Na magadi yakishaingia, rangi iliyobaki hufa ndani ya saa chache, hivyo usiiweke ukidhani utaitumia kesho.

Udhaifu wa mafunzo haya ni ufupi. Siku ya mwisho kila mmoja anaondoka na kitambaa kizuri, na wiki ya tatu hakuna anayekumbuka vijiko vilikuwa vingapi. Tena vijiko vyenyewe hudanganya, kwani kijiko cha kostiki na kijiko cha rangi havina uzito mmoja. Nenda na mizani ndogo ya jikoni, kila mkufunzi akisema "vijiko viwili" wewe pima na uandike gramu. Kisha rudia nyumbani ndani ya siku saba.

Fundi, na msukaji

Kukaa kwa fundi ni njia ya zamani na bado ndiyo yenye marudio mengi kuliko zote. Barazani kwa fundi unaona mshono mmoja ukifanywa mara arobaini kwa siku. Unapata bure vipande vya vitenge vinavyobaki, ambavyo kwa anayetaka kuunga vipande ni hazina. Nenda ukiwa umetulia, salimia vizuri, eleza kwamba hutafuti ufundi wa kushindana naye. Mapatano yaseme siku gani, cherehani gani, kitambaa cha nani, na kilemba, yaani malipo ya kufundishwa, ni kiasi gani na kinatolewa lini, mwanzoni au ukihitimu. Yasiposemwa, utageuka msaidizi wa kufungia vifungo. Usimwendee kumi la mwisho la Ramadhani wala wiki za kuelekea Krismasi; hana muda, na utajifunza hasira zake tu.

Mwambie akufundishe kudarizi kwa cherehani bila mguu. Kwenye mashine ya kukanyaga, ondoa mguu unaobana kitambaa, shusha meno yanayosukuma kitambaa au, kama hayashuki, yafunike kwa bati na weka urefu wa mshono sifuri. Kitambaa kiwambe kwenye fremu kikaze kama ngoma, kisha mikono yako ndiyo inayochora. Hapa kosa ni lilelile kwa kila anayeanza: uzi unafanya fundo kubwa chini ya kitambaa. Sababu ni kwamba mguu haupo, basi mtu anasahau kushusha kile kishikio cha nyuma kinachoushusha. Kikiwa juu, visahani vya kubania uzi vinakaa wazi na uzi wa juu unamwagika bila mkazo. Kishushe kila mara. Sindano namba 14 kwa bafta na kitenge, 16 kwa jinzi au vitambaa viwili vilivyobandikwa. Uzi ukikatikakatika, badili sindano kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Anayependa sindano ya mkono atafute mdarizi wa kofia za viua. Vitobo vyake vidogo vinavyozungushiwa uzi vinafundisha umbali sawa kati ya mshono na mshono kuliko zoezi lolote la darasani.

Msukaji wa mikeka anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Watu husema "sanaa ya nguo" wakafikiria pamba pekee, wakati ukindu na miyaa, majani ya kusukia, ni nyuzi, na ukili, ule utepe unaoungwa kuwa mkeka, ni msuko wenye hesabu. Bibi anayesuka mkeka wa rangi tatu anapanga michoro kichwani bila karatasi. Kaa naye ujifunze kuchana majani upana sawa, kuyachemsha na rangi hadi ishike, kuyalowesha kidogo kabla ya kusuka. Yakiwa makavu mno yanakatika kwenye kona. Yakilowa mno yanasukika vizuri sana, kisha yakikauka yanasinyaa na ukili unaacha mianya inayopitisha mwanga. Unyevu unaofaa ni ule ambao jani linajikunja kidoleni bila kutoa sauti na bila kuacha maji. Vifaa ni kisu, beseni na sufuria moja, huhitaji umeme, na mtoto anaweza kulala pembeni. Kwa mama mwenye muda wa vipande vipande, njia hii inazishinda nyingine zote.

Wapo wanaopenda rangi za asili. Magome ya mkorosho hutoa kahawia, na ukiongeza maji ya misumari yenye kutu kahawia hiyo inageuka kijivu hadi karibu na nyeusi. Kwa pamba, shabu kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa husaidia rangi kushika, hasa kitambaa kikitangulizwa kwenye maji ya magome. Manjano ya jikoni inapendeza kwa siku chache, jua linaimaliza. Maganda ya korosho usiyatumie kabisa, mafuta yake yanaunguza ngozi. Na magome ya mikoko usiyabandue: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni kosa, na popote pale mti uliobanduliwa kuzunguka shina unakufa.

Masomo ya masafa

Uingereza kuna vyuo viwili vinavyotajwa sana. Royal School of Needlework, kilichoanzishwa mwaka 1872 na chenye makao Hampton Court, kinafundisha kudarizi kwa mkono kwa kiwango cha juu mno. Open College of the Arts, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Michael Young, kilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wazima wanaosoma wakiwa nyumbani, na sanaa ya nguo imekuwa moja ya masomo yake; mwaka 2023 kiliunganishwa na Open University.

Nguvu ya masomo haya ni kwamba yanakudai uonyeshe njia uliyopita: michoro, majaribio yaliyoshindwa, maelezo ya kwa nini ulichagua hiki ukaacha kile. Huku kwetu hakuna anayekudai hayo, na ndiyo yanayomtenganisha msanii na mshonaji. Ugumu wake ni fedha za kigeni, Kiingereza cha kuandika, bando, na orodha za vifaa zilizoandikwa kwa mtu mwenye duka la sanaa mtaani kwake. Rangi zinazosafirishwa ni kemikali, huweza kuzuiliwa njiani. Anayejiunga aulize kabla ya kulipa kama anaruhusiwa kutumia vifaa mbadala. Mkufunzi mwenye busara atafurahi kuona ukili na kaniki.

Maoni kwa picha yana kikomo pia. Piga picha kivulini asubuhi, weka rula pembeni, piga upande wa mbele na wa nyuma, na moja ya karibu kabisa ambapo mshono mmojammoja unahesabika. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa hugeuza rangi, na utapewa ushauri wa nguo ambayo hunayo.

Daftari, njia yoyote utakayoshika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Meta moja ya bafta yenye upana wa sentimita 110 inatoa vipande 20 vya sentimita 20 kwa 25. Hivyo ni vipande vya sampuli vya robo mwaka. Kila kipande kibadilishe jambo moja tu: dakika, au gramu, au mkazo wa uzi, au upana wa jani. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi lilileta tofauti. Nyuma yake andika tarehe, chanzo cha maji, vipimo, na hali ya hewa kama ni rangi. Vilivyoharibika vibandike na vyenyewe.

Michoro nayo iwe na shina moja la kwenu. Milango ya kuchongwa ya Mikindani, mistari ya chale za Kimakonde, michirizi ya ukili, nakshi za mawe ya matumbawe Kilwa. Chagua moja, ichore mara 20, kila mara ukiondoa kitu. Kilwa Kisiwani, iliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Kazi ya uzi ilikuwepo pwani hii kabla ya meli za marikani. Na George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934, alitoka kwenye kuchonga vinyago, akafika Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam akiwa mtu mzima, na huko viumbe wake wa vinyago wakahamia kwenye ngozi za mbuzi, mabati na batiki. Hakuanza upya na mada mpya. Alibeba ileile kwenda kwenye kitu kingine.

Nani achague nini

Mtumishi wa Newala au Tandahimba, mwenye umeme lakini maji ya kununua: fundi cherehani kwa mwaka mmoja, kuunga vipande na kudarizi bila mguu. Rangi aingoje Februari, kwenye maji ya paa.

Mama wa Lindi mjini au Kilwa Masoko mwenye watoto wadogo: msukaji wa jirani kwanza. Mtoto akifika umri wa kukaa na wenzake, chuo cha maendeleo ya wananchi.

Kijana wa Masasi asiye na ajira: chuo, kozi ndefu, bila kusita. Cherehani itamlisha, na sanaa itakula kwenye sahani hiyo.

Muuguzi au askari mwenye zamu zinazohamahama asijifunge na kozi yenye mahudhurio. Apatane na fundi kwa mwezi badala ya kwa siku, na zamu ya usiku ikimwangukia akadarizi kiua kimoja nyumbani.

Mstaafu wa Mtwara mjini mwenye pensheni na uwanja wenye kivuli: mafunzo ya batiki Mei, marudio hadi Septemba, na kama daftari limejaa na Kiingereza kipo, hapo ndipo masomo ya masafa yana thamani ya fedha yake.

Popote utakapokwenda kuulizia, omba kuonyeshwa kazi ya mwanafunzi aliyemaliza mwaka uliopita, kisha igeuze utazame nyuma. Mafundo makubwa, nyuzi zinazoning'inia na nta iliyobaki vinakuambia mwalimu hakagui. Nyuma ikiwa safi, lipa.